Bi Mkubwa Auzwe Chuma au Abaki: Kikao cha Saba cha Kamati ya Malori

CHAMA CHA WENYE MALORI NA MADEREVA
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SABA CHA KAMATI

TAREHE: Jumamosi, tarehe 14, mwezi wa tatu
MAHALI: Ofisi ya chama, nyuma ya karakana, kwenye viti vilivyong'olewa malorini
KUANZA: Saa nane na robo mchana

WALIOHUDHURIA

1. Mwenyekiti. Jina la utani Breki, kwa sababu kila jambo hulisimamisha kwanza ndipo aliulize linakwenda wapi. Aliacha usukani miaka kumi iliyopita kwa ajili ya mgongo.
2. Katibu, yaani mimi ninayeandika. Dereva wa Bi Mkubwa kwa miaka thelathini na moja, tangu alipokuja na harufu ya rangi.
3. Mhazini. Ni Mama Vipuri, mwenye duka la vipuri linalotazamana na geti letu.
4. Fundi Mkuu. Tunamwita Sikio, kwa kuwa hujua ugonjwa wa injini kwa kusikiliza tu.
5. Dereva wa Bi Mdogo. Nyumbani tunajuana, lakini ndani ya kikao ni mjumbe kama wajumbe wengine na ataandikwa hivyo.

ASIYEHUDHURIA

Makamu Mwenyekiti. Lori lake, ambalo ni la kisasa, limelala njiani. (Tazama KUMB. NA. 2/7.)

ALIYEITWA KATIKATI YA KIKAO

Mlinzi wa uwanja.

Kwa faida ya atakayesoma karatasi hizi bila kutujua: mbali na malori ya wanachama, chama chenyewe kina malori mawili. La zamani ni Bi Mkubwa, tani saba, halina kompyuta wala halijawahi kuiomba. La pili lilinunuliwa miaka miwili iliyopita, nalo ni Bi Mdogo. Majina hayo walipewa na wapakuzi, siyo na Katibu, ingawa Katibu hakuyakataa.

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuwashukuru wajumbe. Alieleza kwamba ajenda kubwa ni moja tu, nayo ni kuamua kama Bi Mkubwa auzwe chuma chakavu au abaki uwanjani. Aliongeza kwamba mnunuzi wa chuma ameshaambiwa aje saa kumi kamili, na ndiyo maana Bi Mkubwa ameegeshwa getini kwa ndani, pua ikitazama barabarani, ili mnunuzi amwone vizuri.

Katibu aliuliza ni nani aliyewaita wachimba kaburi wakati mgonjwa bado anakunywa uji.

Mwenyekiti alisema swali hilo halimo kwenye ajenda.

KUMB. NA. 2/7: KUSOMA NA KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SITA

Katibu alisoma kumbukumbu za kikao cha sita kwa sauti, bila miwani.

Mhazini alisema kabla ya kuzithibitisha angependa kuwaambia wajumbe kwamba Makamu amempigia simu, lori lake lina pancha tu, na pancha haijui gari jipya wala kuukuu. Katibu amelipokea sahihisho hilo.

Mhazini aliendelea kusema kwamba katika ukurasa wa pili wa kumbukumbu za kikao cha sita kuna maneno "lori lisilojua kufa", na hakumbuki mjumbe yeyote kuyasema. Katibu alieleza kwamba yalikuwemo hewani. Mwenyekiti alisema kumbukumbu ni za yaliyosemwa, siyo za yaliyo hewani, na hii si mara ya kwanza. Alisema hivi: "Mzee mwenzangu, kalamu yako ina gia za mbele tu. Haina rivasi." Wajumbe walicheka.

Maneno hayo yalifutwa kwa mstari mmoja. Bado yanasomeka.

KUMB. NA. 3/7: YATOKANAYO. TAARIFA YA JARIBIO LA MLIMANI

Kikao cha sita kiliazimia malori yote mawili yapelekwe siku moja kwenye ujenzi wa zahanati iliyo juu mlimani. Kila moja na mifuko mia moja na arobaini ya saruji, njia ileile, kona zilezile kumi na moja, kisha lirudi uwanjani kabla ya jua kuzama. Bi Mkubwa akishindwa, auzwe bila mjadala. Akiweza, kamati ikae tena. Bi Mdogo aliwekwa awe kipimo. Jaribio lilifanyika Jumatatu.

Taarifa ya Katibu

Katibu alieleza kwamba Bi Mkubwa aliondoka uwanjani saa kumi na mbili asubuhi, robo saa baada ya Bi Mdogo, kwa kuwa Bi Mkubwa hana haraka ya kujionyesha. Kwamba alipofika kona ya sita alimkuta Bi Mdogo amesimama pembeni, taa za dashibodi zinawaka zote kama duka la simu. Kwamba Katibu alipunguza mwendo ili asimame, lakini dereva wa Bi Mdogo alimpungia mikono yote miwili na kupiga kelele: "Pita, Baba, pita! Ukisimama hapo na mzigo huondoki tena!"

Katibu alipita. Akashusha mzigo juu, akateremka mtupu, na wapakuzi wakahamisha mifuko ya Bi Mdogo mmoja baada ya mwingine hadi mgongoni kwa Bi Mkubwa. Naye akapanda tena. Hivyo ni mifuko mia mbili na themanini, mgongo mmoja, mlima mmoja, siku moja. Katibu aliomba hesabu hiyo ipigiwe mstari. Imepigiwa.

Bi Mdogo aliteremka mtupu, polepole, mwendo wa mtu anayetoka kuzika. Bi Mkubwa alimfuata nyuma hadi uwanjani. Walipoingia getini jua lilikuwa bado juu ya ukuta, na Mama Vipuri ni shahidi, alikuwa anafunga duka.

Katibu alimalizia kwa kusema kwamba siku nzima Bi Mkubwa hakuharibika hata mara moja.

Taarifa ya Fundi Mkuu

Fundi Mkuu, aliyepanda na Katibu kama shahidi wa kamati, alisema anaunga mkono taarifa yote isipokuwa sentensi ya mwisho. Alitoa mfukoni kipande cha mfuko wa saruji alichokuwa akiandikia njiani bila kumwambia Katibu. Alisoma kama ifuatavyo.

Darajani, bomba la dizeli lilipasuka. Katibu alilipaka sabuni ya kufulia na kulifunga kwa mpira wa tyubu. Dakika ishirini. Kona ya tatu, maji ya rejeta yalichemka. Nusu saa. Katika safari ya pili, kona ya tisa, waya wa kukanyagia mafuta ulikatika. Katibu alivua kamba ya kiatu chake, akaifunga mahali pa waya, akaendelea kupanda na kiatu kilichopwaya. Dakika kumi, "na hapo nilimvulia kofia," alisema Fundi.

Katibu alijibu kwamba hayo si kuharibika. La kwanza lilikuwa jasho, la pili kiu, na katika la tatu kilichoharibika ni kiatu.

Mwenyekiti aliuliza hivi: "Lori likisimama njiani, dereva akashuka na spana mkononi, hiyo inaitwaje?"

Katibu alijibu: "Inaitwa safari."

Wajumbe walicheka sana. Mwenyekiti naye alicheka, ingawa alijaribu kukifanya kicheko kiwe kikohozi.

KUMB. NA. 4/7: MALORI YA SIKU HIZI NA YA ZAMANI, LIPI LA KUTEGEMEWA

Mwenyekiti alieleza kwamba hana chuki na chuma. Lori la siku hizi linawaka kwa kidole. Breki zake hazinuki moto mteremkoni. Kiti chake kinampokea dereva badala ya kumpiga. Alisema: "Nyinyi mnasifu chuma cha zamani. Mimi chuma hicho kimenilaza hospitali miezi mitatu." Katibu ameyaandika maneno hayo yote jinsi yalivyosemwa, kwa kuwa ni kweli, na aliyempeleka hospitali ni Katibu, na gari lilikuwa Bi Mkubwa.

Mhazini alisema yeye huuza vipuri na hasemi kwa kupenda. Rafu ya Bi Mkubwa dukani kwake imebaki na mipira miwili ya mafuta na vumbi. Kila Bi Mkubwa akiugua, inambidi aende kwa mchongaji vyuma kumwomba atengeneze kifaa ambacho kiwanda chenyewe kimeshakisahau. Vya Bi Mdogo vinakuja ndani ya boksi, vina namba, ila alikiri kwamba kuna kimoja kidogo kama kidole gumba ambacho kikifa, lori zima linakufa nacho.

Fundi Mkuu alisema Bi Mdogo ni gari zuri lakini halisemi naye. "Miaka yote nimeweka sikio kwenye boneti, nikasikia nozeli hii inapiga chafya, mkanda ule unalia. Huyu mpya yuko kimya. Anaandika namba kwenye kioo, na namba zenyewe hazisomeki mpaka aje kijana wa wakala wa kiwanda na mashine yake." Alisema jambo hilo humuuma, na si kwa sababu ya wivu. Mhazini alimwambia, "Sema tu ni wivu, shemeji, hapa ni nyumbani." Fundi alisema basi ni wivu kidogo.

Katibu alichukua nafasi hiyo kuwaeleza wajumbe kuhusu safari ambayo Bi Mkubwa alivuka mto uliofika kwenye mlango, mwaka ule wa mvua kubwa. Mwenyekiti alisema safari hiyo wajumbe wanaijua. Katibu alisema hawaijui yote. Mwenyekiti aliweka saa yake mezani. Safari haikuandikwa.

Ndipo dereva wa Bi Mdogo aliomba kuzungumza. Alifungua daftari lake na kusema hakuja na sifa, amekuja na hesabu. Kwa miaka miwili, Bi Mdogo amesimama njiani mara mbili. Kwa miaka hiyohiyo miwili, kwa mujibu wa vipande vya karatasi vya Fundi Mkuu, ambavyo alivikusanya mwenyewe kutoka kwenye droo ya spana, Bi Mkubwa amesimama mara arobaini na moja.

Katibu aliinua mkono. Mwenyekiti alimwambia aushushe aandike.

Mjumbe aliendelea: "Lakini nimeandika pia muda. Bi Mdogo mara ya kwanza alisimama siku nne, mara ya pili siku tatu. Bi Mkubwa hajawahi kusimama zaidi ya saa mbili. Yule mpya haharibiki ovyo, ila akiharibika, mimi dereva nabaki kukaa juu ya jiwe kama abiria. Yule mzee anaharibika kila mara, na hakuna siku aliyoshindwa kurudi. Mpya akisimama anamsubiri mtu mwenye mashine. Wa zamani akisimama anamsubiri Baba."

Mhazini aliuliza, "Na Baba akichoka?"

Katibu alisema bado ana dizeli.

Hata hivyo Katibu anaandika hapa kwamba katika miaka yake yote ya vikao hajasikia jambo hili likipimwa vizuri namna hiyo, na kwamba aliyelipima alianza kujifunza hesabu akiwa na miaka sita, kwa kuhesabu mifuko mgongoni kwa Bi Mkubwa. Hili halikusemwa kikaoni. Lilikuwa hewani.

KUMB. NA. 5/7: MAJI KATIKA TANGI LA DAWA

Mwenyekiti aliuliza hiyo mara ya pili, ya Jumatatu mlimani, Bi Mdogo alipatwa na nini hasa.

Dereva wa Bi Mdogo alieleza kwamba kijana wa wakala alikuja Alhamisi na mashine yake. Kwamba malori ya aina hii yana tangi la pili, dogo, la dawa ya kusafisha moshi. Haichanganywi na dizeli, wala haichanganywi na maji. Kijana aliivuta dawa hiyo, akaipima, akakuta maji ni mengi kuliko dawa. Injini ilipoonja kitu isichokijua ikajipunguzia nguvu yenyewe ili isijiue. Ikabaki na nguvu ya kutembea, siyo ya kupanda na saruji.

Mhazini alisema, "Yaani liligoma?"

Mjumbe alijibu, "Halikugoma, Mama. Lilikataa kudanganywa."

Katibu aliandika maneno hayo, kisha aliuliza kifuniko cha tangi hilo kina rangi gani.

Alijibiwa kwamba ni cha bluu, kiko ubavuni, nyuma kidogo ya mlango.

Mwenyekiti alisema basi jambo liko wazi, kuna mtu alitia maji kwa makusudi ili kuharibu jaribio la kamati. Alisema mwenye ufunguo wa geti ni mmoja tu. Aliagiza mlinzi aitwe.

Mlinzi alikuja, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Aliulizwa nani alikuwa uwanjani Jumatatu kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Alijibu kwamba geti lilifunguliwa kama siku zote. Aliulizwa kama yeye alimgusa Bi Mdogo. Alijibu hapana. Aliulizwa basi nani alimgusa. Alitazama sakafu, akasema hana la kusema.

Mwenyekiti alisema mlinzi asiyekuwa na la kusema hana la kulinda, na kwamba anapendekeza kazi yake ikome leo. Aliuliza nani anaunga mkono. Wakati huo honi ililia nje ya geti. Mnunuzi wa chuma alikuwa amefika, saa kumi kasorobo. Dereva wa Bi Mdogo alikuwa ameshasimama na kufungua mdomo.

Hapa kalamu ilisimama. Mhazini alidhani wino umekwisha, akamsogezea Katibu kalamu yake.

Katibu aliinua mkono na kusema kwamba aliyetia maji ni yeye.

Mwenyekiti aliomba arudie. Katibu alirudia, na sasa anaandika kwa mkono wake mwenyewe kama ifuatavyo, ili pasiwe na wa kuongeza wala kupunguza.

Kila dereva wa uwanja huu anajua desturi yetu: anayefika wa kwanza asubuhi huyapa maji magari yote yaliyolala, kabla hajagusa la kwake. Katibu ndiye hufika wa kwanza, miaka thelathini na moja. Ameyapa maji magari ya watu anaowapenda na ya watu asiowapenda. Lakini kwa miaka miwili hakumpa maji Bi Mdogo, hata siku moja. Alimpita tu na ndoo. Sababu ilikuwa kinyongo, hakuna jina jingine.

Jumatatu ile Katibu alisema moyoni: leo tunashindana, na siwezi kushindana na aliyelala na kiu. Alichota ndoo mbili. Alitafuta mahali pa rejeta hakupaona, kwa kuwa kila kitu cha gari hilo kimefunikwa. Akaona kifuniko cha bluu. Pembeni yake pana maandishi ya kigeni ambayo Katibu hayasomi. Alifungua, akamimina mpaka maji yakafurika, akafuta kwa kitambaa chake mwenyewe. Akaenda zake akiwa na moyo mweupe. Hadi leo saa tisa na nusu hakujua kwamba alichompa ni ugonjwa.

Kwa hiyo Bi Mdogo hakushindwa na mlima. Aliangushwa, na aliyemwangusha ni mimi.

Mlinzi alisema: "Mzee, nilikuona na ndoo. Nilijua ni heshima, si ubaya."

Mwenyekiti alimuuliza, "Na ulikuwa tayari kufukuzwa kazi hivihivi, umenyamaza?"

Mlinzi alijibu, "Nilikuwa namsubiri amalize kuandika."

Dereva wa Bi Mdogo alimgeukia Katibu akaanza, "Baba," lakini Mwenyekiti alimkumbusha mjumbe aelekeze maneno yake kwa kiti. Mjumbe alikaa vizuri, akasema: "Mwenyekiti, miaka miwili nimekuwa nikisubiri Katibu ampe maji Bi Mdogo."

Honi ililia tena nje. Mwenyekiti alimwomba mlinzi radhi, akaondoa pendekezo lake. Katibu naye alimwomba mlinzi radhi. Mlinzi alisema yameisha, ila kuanzia Jumatatu chai ya asubuhi ni juu ya Katibu, na yeye hunywa vikombe viwili.

KUMB. NA. 6/7: UAMUZI

Katibu alisema kwamba kwa kuwa ushindi wake ulichanganyika na maji, anaomba hesabu iliyopigiwa mstari katika KUMB. NA. 3/7 ipunguzwe sifa. Mstari haufutiki, umepigwa kwa wino. Lakini pembeni yake Katibu ameandika: nusu ya ushindi huu ni kosa la dereva wa Bi Mkubwa. Vilevile ameandika karibu na sentensi isemayo "hakuharibika hata mara moja" neno hili: mara tatu.

Mwenyekiti alivua miwani. Alisema hajawahi kuona Katibu akitia rivasi, na kwamba kama jaribio limeharibika basi kamati haina ushahidi, na mnunuzi yuko getini.

Fundi Mkuu alipinga. Alisema azimio halikuuliza kama Bi Mkubwa atamshinda mtu. Liliuliza kama atapanda na mzigo na kurudi kabla ya jua kuzama. Alipanda mara mbili. "Mimi nilikuwamo ndani, na makalio yangu ni shahidi mpaka leo."

Mwenyekiti alisema basi ipigwe kura. Katibu aliomba asipige, kwa kuwa anayejadiliwa ni mwenzake wa miaka thelathini na moja. Ombi lilikubaliwa.

Fundi Mkuu: abaki. Dereva wa Bi Mdogo: abaki. Mwenyekiti: auzwe, na aliomba sababu iandikwe, kwamba mgongo haujasahau. Imeandikwa.

Mhazini alikuwa wa mwisho. Alisema alikuja na nia ya kusema auzwe, na rafu yake yenye vumbi bado inamwambia hivyo. "Lakini nimekaa na mzee huyu vikao saba, kila alichosoma nimekigawanya kwa mbili. Leo amejiandikia kosa lake mwenyewe, tena hakuna aliyemshika. Mtu wa namna hiyo akiniambia gari linapanda, linapanda." Alisema abaki.

Iliazimiwa kwa kura tatu dhidi ya moja kwamba Bi Mkubwa asiuzwe. Mwenyekiti alisema amelipokea azimio. Iliazimiwa pia:

Kwanza, Bi Mkubwa awe lori la mlimani wakati wa mvua na la kwenda kuwachukua wenzake waliokwama, wa kisasa na wa zamani, bila maneno ya kejeli njiani. Maneno haya ya mwisho yaliongezwa na Mwenyekiti akimtazama Katibu.

Pili, kila Ijumaa dereva wa Bi Mdogo akae kwenye usukani wa Bi Mkubwa, Katibu akiwa pembeni, mpaka ajue kila ugonjwa na dawa yake, pamoja na sabuni na kamba ya kiatu. Na kila Jumanne Katibu akae ndani ya Bi Mdogo aonyeshwe kila kifuniko. Katibu alipinga sehemu ya Jumanne. Alishindwa.

Tatu, desturi ya kutoa maji iendelee kama ilivyo. Fundi Mkuu apake alama nyekundu juu ya kifuniko cha bluu, isiyohitaji kusomwa.

KUMB. NA. 7/7: MENGINEYO NA KUFUNGA

Mwenyekiti alitoka kumweleza mnunuzi wa chuma kwamba amesumbuka bure. Alirudi akasema kuna jambo dogo. Gari la Mwenyekiti liko ndani ya uwanja, la mnunuzi limeziba njia nje, na kati yao amesimama Bi Mkubwa, ambaye betri yake imekufa tangu Jumatano na hapo getini aliletwa kwa kusukumwa.

Mwenyekiti aliuliza kama hilo nalo linaitwa safari. Katibu alisema hapana, hilo ni kuharibika.

Kikao kilihamia getini. Mnunuzi alirudisha gari lake nyuma. Uwanja una mteremko kidogo kuelekea barabarani, na wajumbe walijipanga nyuma ya Bi Mkubwa: Fundi Mkuu, Mhazini aliyefunga mtandio kiunoni, Katibu, na mlinzi. Mnunuzi wa chuma alisimama akitazama, kisha alikunja mikono ya shati akaja kusukuma. Mwenyekiti alikatazwa kwa ajili ya mgongo. Alisukuma.

Injini iliwaka kwa msukumo wa tatu. Kalamu ilikuwa mkononi mwa Katibu na angeweza kuandika wa kwanza. Ulikuwa wa tatu.

Bi Mkubwa alitoka barabarani, akakata kona, akapiga honi mara mbili mbele ya duka la Mama Vipuri, na moshi wake ukafika mpaka kwa jirani. Mwenyekiti alifunga kikao saa kumi na dakika arobaini, wajumbe wakiwa wamesimama barabarani, mikono myeusi.

Aliyekuwa kwenye usukani ni mjumbe wa tano katika orodha ya waliohudhuria. Mwanzoni Katibu alisema angeandikwa kama wajumbe wengine. Anaomba radhi ya kamati. Ni binti yangu.

Zimesomwa na kukubaliwa kuwa ni sahihi, zikiwemo zile za pembeni.

............................
MWENYEKITI

............................
KATIBU, na dereva wa Bi Mkubwa siku zote isipokuwa Ijumaa